Kuhamisha mahesabu ya biashara kwenye programu mpya: mwongozo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa Bujumbura

Biashara nyingi za Bujumbura huanza na daftari. Mwenye duka la vipuri Buyenzi huandika mauzo na madeni kwa mkono, na mwenye lori moja huweka hesabu za mafuta na posho ya dereva mfukoni. Biashara ikikua kidogo, mahesabu huhamia kwenye Excel au kwenye programu ndogo ya kompyuta. Ikifikia malori manne au matano, stoo mbili, wateja Uvira na wakala Dar es Salaam au Kigoma, programu ile huzidiwa, na mwenye mali huanza kutafuta nyingine.

Wengi hudhani kazi kubwa ni kuchagua na kununua programu. Sivyo. Programu mpya hairekebishi mahesabu mabovu, bali huyapokea kama yalivyo. Kazi kubwa ni kujua, kwa tarehe moja, nani anakudai, unamdai nani, una mali gani na iko wapi. Anayehama bila kujua hayo hupoteza madeni yake mwenyewe, na mara nyingi hagundui mpaka miezi imepita. Makala hii inaeleza hatua za kufuata, kwa kuzingatia mazingira ya mfanyabiashara anayevuka mipaka.

DALILI KWAMBA PROGRAMU YA SASA IMEZIDIWA

Usibadilishe kwa sababu jirani amebadilisha. Badilisha ukiona mambo haya:

- Kila mwisho wa mwezi mhasibu anatumia siku nyingi kunakili tarakimu kutoka Excel kwenda kwenye tamko la kodi.
- Huwezi kusema faida ya safari moja ya lori bila kupekua risiti upya.
- Stoo inasema una mabati 400, programu inasema 520, na hakuna anayeweza kueleza tofauti.
- Dola, shilingi na faranga zimechanganywa katika safu moja.
- Mtu mmoja tu ndiye anayejua kuitumia. Akiugua, ofisi inasimama.

Ikiwa tatizo lako ni risiti zisizoletwa na madereva, au kaunta inayouza bila kuandika, programu mpya haitakusaidia. Rekebisha utaratibu kwanza.

KABLA YA KUNUNUA: MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

Programu zinazojulikana zaidi katika Afrika Mashariki ni QuickBooks, Tally, Sage na Odoo. Sage na Odoo zina matoleo ya Kifaransa, jambo linalosaidia Burundi na Kongo. Lakini jina si muhimu kama majibu ya maswali haya:

1. Je, inaunganishwa na mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato? Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, mwaka uleule ambao kodi ya ongezeko la thamani, yaani TVA ya 18%, ilianza. OBR ina mfumo wa ankara za kielektroniki uitwao EBMS, na programu za kampuni zinaweza kuunganishwa nao. Nchi jirani zimefuata njia hiyohiyo: Tanzania ilianza na mashine za EFD mwaka 2010, Rwanda na EBM mwaka 2013, Uganda na EFRIS mwaka 2021 na Kenya na eTIMS mwaka 2023. Programu isiyoweza kuunganishwa itakulazimisha kuandika kila ankara mara mbili. Usikubali ahadi ya mdomo. Mwambie muuzaji akupeleke kwa mteja wake aliyekwisha kuunganishwa, uone ankara ikipita.

2. Je, inakubali orodha ya hesabu ya nchi husika? Burundi ina mpango wake wa kitaifa wa hesabu unaotumia namba: mali ya stoo huanza na 3, wateja na wauzaji 4, fedha 5, matumizi 6, mapato 7. Kongo ilijiunga na OHADA mwaka 2012 na kampuni zake hutumia SYSCOHADA. Tanzania hufuata viwango vya kimataifa vya IFRS. Kwa hiyo mwenye ofisi Bujumbura, Uvira na Kigoma anaishi katika taratibu tatu za hesabu. Programu nzuri inamruhusu kufungua kampuni tatu ndani yake, kila moja na orodha yake, kisha kuzijumlisha.

3. Je, inafanya kazi umeme au mtandao ukikatika? Programu ya kwenye intaneti ina faida kwamba mwenye mali akiwa Dubai au Dar es Salaam anaona mauzo ya Bujumbura. Lakini kama kaunta haiwezi kutoa ankara mtandao ukipotea, wateja watahudumiwa bila ankara, na shimo litaanza hapo. Uliza kama inaweza kufanya kazi bila mtandao na kutuma taarifa baadaye. Weka pia betri ya akiba kwa kompyuta ya kaunta.

4. Je, naweza kutoa taarifa zangu zote siku nikiamua kuondoka? Hili ndilo swali linalosahaulika. Uliza mapema kama wateja, ankara, stoo na miamala yote inaweza kutolewa katika faili la kawaida. Programu isiyoachia taarifa ni gereza.

5. Gharama ni ipi kwa miaka mitatu? Jumlisha leseni, ada ya mwaka, mafunzo, kuunganisha na OBR na malipo ya fundi. Leseni ya bei ndogo inayolipwa kwa dola kila mwezi inaweza kuwa ghali kuliko ile inayolipwa mara moja, hasa faranga inaposhuka.

CHAGUA TAREHE, NA USIHAME WAKATI WA MSIMU

Tarehe bora ni siku ya kwanza ya mwaka wa hesabu. Kwa wengi ni 1 Januari, kwa sababu mwaka uliopita unafungwa kwenye programu ya zamani na mwaka mpya unaanza ukiwa safi. Kama huwezi kusubiri, anza siku ya kwanza ya mwezi, ili tamko moja la TVA lisigawanyike kati ya programu mbili.

Usihame wakati biashara imechanganya. Kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani ilianza kutumia mifumo mipya ya kompyuta mwezi Julai 1999, karibu kabisa na msimu wake mkubwa wa mauzo wa Halloween, na iliwasha programu kadhaa kwa mara moja. Bidhaa zilikuwapo ghalani, lakini mfumo haukuweza kupeleka maagizo sawasawa. Maagizo ya kiasi cha dola milioni 100 hayakuwafikia wateja kwa wakati. Kama kampuni kubwa yenye wataalamu ilikwama hivyo, mwenye malori matano asijaribu kuhama wakati kahawa inavunwa au wakati wa harakati za sikukuu.

VITU VYA KUHAMISHA

Si lazima kuhamisha miamala yote ya miaka iliyopita. Hiyo ni kazi ghali na huleta makosa. Kinachotosha ni masalio ya siku ya kuhama, pamoja na kila ankara ambayo bado haijalipwa. Miamala ya zamani ibaki kwenye programu ya zamani, ambayo utaendelea kuitunza ili ifunguke kwa muda wote ambao sheria inakutaka uhifadhi vitabu.

Kwa biashara ya kuvuka mipaka orodha ni hii:

- Mali iliyo stoo, ihesabiwe kwa mkono na watu wawili, milango ikiwa imefungwa.
- Mali iliyo njiani: bandarini Dar es Salaam, kwenye lori, kwenye meli kutoka Kigoma au Mpulungu, au inayosubiri kutolewa forodhani Kobero au bandari ya Bujumbura.
- Fedha taslimu, fedha za benki kwa kila sarafu, na fedha za simu kama Lumicash.
- Wateja unaowadai, ankara kwa ankara. Usiweke jumla tu.
- Watu wanaokudai, ankara kwa ankara, pamoja na malipo ya awali uliyotuma kwa wauzaji wa Dubai au Guangzhou.
- Masurufu waliyopewa madereva ambayo bado hayajarudishiwa risiti.
- Amana za makontena zilizo mikononi mwa kampuni za meli, na dhamana za mizigo ya transiti.
- TVA unayodai au unayodaiwa, na kodi nyingine zilizolipwa mapema.
- Malori na vifaa, kwa thamani iliyobaki baada ya uchakavu.

Kipengele cha pili, mali iliyo njiani, ndicho kinachowaangusha wengi. Tuchukue mfano. Lori limeondoka Dar es Salaam tarehe 27 Desemba na mzigo wa dola 18,000 ulionunuliwa kwa mkopo. Safari ni zaidi ya kilomita 1,500, na bado kuna kusubiri mpakani. Ankara ya muuzaji iliandikwa kwenye programu ya zamani mwezi Desemba. Lori linaingia Bujumbura tarehe 4 Januari, na karani anapokea mzigo kwenye programu mpya.

Kama deni la dola 18,000 lilihamishwa lakini mzigo haukuandikwa kama mali iliyo njiani, siku ya kuhama utaonekana una hasara ya dola 18,000 isiyokuwapo. Karani akiandika tena ankara ileile ili apate kupokea mzigo, deni litakuwa mara mbili, na mtu anaweza kulilipa mara mbili. Dawa ni rahisi: siku ya kuhama fungua hesabu iitwayo "Mali iliyo njiani", andika kila mzigo kwa namba ya lori au kontena, na uufunge mzigo huo siku unapoingia stoo. Masurufu ya dereva wa lori hilo yaandikwe kwa jina lake, ili risiti zake za Januari zipate mahali pa kuangukia.

Kabla ya kuingiza masalio, tuma taarifa ya deni kwa kila mteja mkubwa na kila muuzaji, na umwombe akujibu kama anakubaliana na tarakimu. Kwa mteja wa Uvira au Bukavu ambaye mmezoeana, simu moja pamoja na karatasi iliyotiwa sahihi inatosha. Tofauti zikijulikana kabla ya kuhama, hurekebishwa kwa amani. Zikijulikana baada ya mwaka mmoja, mteja atasema kosa ni la kompyuta yako, na hutakuwa na la kujibu.

FARANGA, SHILINGI NA DOLA

Mfanyabiashara wa Bujumbura hununua kwa dola, hulipa njiani kwa shilingi za Tanzania na huuza kwa faranga. Hapa programu nyingi za bei nafuu hushindwa.

Kumbuka mwezi Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga. Kiwango rasmi kilitoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Kwa hesabu rahisi, aliyekuwa na deni la dola 10,000 aliona deni lake likipanda kutoka faranga milioni 21 hadi milioni 28 bila kununua kitu kingine. Programu iliyoandika deni hilo kwa faranga peke yake iliendelea kuonyesha milioni 21. Aliyeitegemea kupanga bei alikuwa anauza kwa hasara huku akidhani anapata faida.

Kwa hiyo hakikisha mambo manne:

- Kila deni la dola lihamishwe kwa dola, na thamani yake ya faranga iandikwe pembeni.
- Kila muamala ubebe kiwango chake cha siku ile. Kiwango kilichotumika kwenye tamko la forodha kinaweza kutofautiana na kile ulicholipia, na programu iweze kuvishika vyote viwili.
- Mwisho wa mwezi programu iweze kukokotoa upya masalio ya fedha za kigeni na kuonyesha faida au hasara ya kubadilisha fedha katika hesabu yake peke yake.
- Senti zipangwe sawasawa. Kwa viwango vya kimataifa vya sarafu, faranga ya Burundi, faranga ya Rwanda na shilingi ya Uganda hazina sehemu ya desimali. Shilingi ya Tanzania, shilingi ya Kenya na faranga ya Kongo zina desimali mbili. Programu ikipangwa desimali mbili kwa faranga ya Burundi, itazaa visenti visivyolipika, na ankara hazitafungika.

MAKOSA YA FAILI

Taarifa nyingi huhamishwa kupitia Excel, na Excel ina mitego yake. Mwezi Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza iligundua kwamba karibu wagonjwa 16,000 wa Korona hawakuingizwa katika taarifa za nchi. Sababu ilikuwa faili la Excel la aina ya zamani, .xls, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilipotea kimya kimya. Tumia aina mpya, .xlsx, na baada ya kuhamisha hesabu mistari: iliyotoka iwe sawa na iliyoingia.

Mitego mingine miwili ni ya kila siku. Kwanza, namba zinazoanza na sifuri. Excel hufuta sifuri hiyo, na namba ya simu ya mteja wa Kigoma inabaki pungufu. Panga safu za simu, NIF na namba za akaunti kama maandishi. Pili, tarehe. Sisi huandika siku kwanza, Wamarekani huandika mwezi kwanza. Ankara ya 03/04 inaweza kuwa ya 3 Aprili hapa na 4 Machi ndani ya programu, na orodha ya madeni yaliyopitiliza muda itakuwa ya uongo.

Tumia pia nafasi hii kusafisha majina. Mteja mmoja aliyeandikwa mara tatu kwa tahajia tatu ana madeni matatu madogo ambayo hakuna anayeyaona kuwa deni moja kubwa. Mpe kila mteja namba moja, na NIF yake kama anayo.

ENDESHA ZOTE MBILI KWA MUDA

Usizime programu ya zamani siku ya kwanza. Kwa mwezi mmoja au miwili andika kwenye zote mbili. Ni kazi mara mbili, na makarani watalalamika, lakini ndiyo bima yako. Ankara itumwe OBR kutoka programu moja tu, ili mauzo yasihesabiwe mara mbili.

Kila Jumamosi linganisha tarakimu nne: jumla ya mauzo ya wiki, fedha taslimu na benki, jumla ya wateja unaowadai, na thamani ya stoo. Zikilingana wiki nne mfululizo na urari wa mwisho wa mwezi ukafungika, unaweza kuacha ya zamani. Zisipolingana, tafuta sababu mpaka uipate. Usifute tofauti kwa kuandika "marekebisho". Tofauti ndogo inayofichwa leo ni dalili ya kosa linalojirudia kila siku.

Wafundishe watu kwa kazi zao wenyewe. Karani wa kaunta ajifunze kutoa ankara, mtu wa stoo kupokea na kutoa mali, na mwenye malori kusoma taarifa ya safari: nauli ya mzigo, mafuta, posho, ushuru wa barabara na matengenezo kwa kila lori. Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo inayolipa gharama ya programu, kwa sababu huonyesha lori lipi linafanya kazi na lipi linakula faida ya mengine.

NANI ASHIKE FUNGUO

Neno la siri la msimamizi mkuu liwe la mwenye mali, na leseni iandikwe kwa jina la kampuni. Mhasibu, kaunta na stoo kila mmoja awe na jina lake la kuingilia. Karani asiweze kufuta ankara; akikosea, atoe hati ya kurekebisha ili alama ibaki. Mhasibu akiondoka siku moja, aondoke bila vitabu vyako.

Mwisho ni nakala za akiba. Asubuhi ya Jumapili, 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Bidhaa na fedha zilizokuwa ndani ziliteketea, na daftari la madeni lililokuwa kwenye kibanda halikuwa na njia ya kupona. Mali ikiungua, anayejua wateja anaowadai bado ana pa kuanzia. Asiyekuwa na orodha hana hata hicho. Na si moto tu: maji ya Ziwa Tanganyika na ya mto Rusizi yameingia mara kadhaa Gatumba tangu 2020.

Weka nakala kila jioni, na angalau nakala moja ilale nje ya jengo: nyumbani, benki, au kwenye hifadhi ya intaneti. Mara moja kwa mwezi jaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado si nakala.

KWA UFUPI

- Safisha mahesabu kwanza, nunua baadaye.
- Uliza kuhusu OBR, sarafu, orodha ya hesabu, kazi bila mtandao, na jinsi ya kutoa taarifa zako.
- Hama mwanzo wa mwaka au wa mwezi, nje ya msimu.
- Hesabu mali kwa mkono, na usisahau iliyo njiani.
- Hamisha madeni ankara kwa ankara, kwa sarafu yake, baada ya kukubaliana na wahusika.
- Endesha programu zote mbili mpaka tarakimu nne zilingane wiki nne.
- Shika neno la siri, na lala ukiwa na nakala nje ya jengo.

Bujumbura, Kobero, Kigoma, Uvira: mali itaendelea kuvuka hata kama mahesabu yamechelewa. Ukihama kwa utaratibu huu, utaweza kusema kila jioni mali hiyo ni ya nani na imefika wapi.